Kwenu si ndiko meli ilizama?

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, barazani kwangu Kirumba, mtoto wa darasa la pili alimgeukia mwenzake aliyehamia juzijuzi kutoka kisiwa cha Ukara, akamuuliza: "Kwenu si ndiko meli ilizama?" Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka mazungumzo, na hakuwa na pengine pa kuanzia. Yule wa Ukara aliinama, akawa anachokoa ukucha wa kidole gumba cha mguu. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia gati la Bwisya, wakafa watu zaidi ya 220. Siku hiyo mtoto huyu alikuwa bado tumboni.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha shule za msingi za Mwanza miaka 31, na tangu nipumzike nawasomea watoto wa majirani kila Jumamosi, mama zao wakiwa soko la Mwaloni wanahangaika na dagaa. Wanakuja kumi na tano, siku nyingine ishirini, mkeka mmoja. Wengi ni Wasukuma kama mimi mzaliwa wa Magu, lakini wamo Wajita, Wakerewe, Wahaya, Wajaluo wa Shirati, na mapacha wa Kiha ambao baba yao ni fundi viatu. Wanakojoa nyuma ya choo kimoja na kugombania embe moja. Ila muulize yeyote anajua nini juu ya mwenzake, utapewa neno moja moja: Mhaya anajisifu, Mkurya mkali, Ukara meli ilizama.

Sisi wakubwa tuna dawa yetu, utani. Nenda Mwaloni alfajiri uwasikie akina mama: huyu anarusha, yule anarudisha, na ndoo hazisimami. Lakini utani ni mchezo wa wawili. Unataka mtu mwenye la kujibu. Mtoto wa miaka saba aliye peke yake darasani hana, kwa hiyo anabaki na ukucha wake. Ninachoomba hapa ni kidogo: kitabu cha watoto kimpe huyu la kujibu, na kimpe yule swali la pili.

Kwamba kitabu kinaiweza kazi hiyo, sina haja ya kubishana. Watoto haohao wa mkekani wanaijua Baghdad. Nimewasomea Hekaya za Abunuwasi mpaka kitabu kimeachana na jalada lake, nao wanajua kule kuna sultani, kuna kadhi, kuna soko, na kuna mjanja mmoja anayewachezea wote. Hakuna aliyewahubiria kuwaheshimu watu wa Baghdad. Walicheka, basi, na tangu hapo jina la mji huo likitajwa redioni wananyanyua shingo. Mwaka 1940 hata Alice wa Waingereza aliingizwa katika Kiswahili akaitwa Elisi, na katika picha akachorwa msichana wa Kiafrika. Siku hizi tunaletewa na maboksi ya vitabu vya msaada vyenye theluji na dubu; sina ugomvi navyo, dubu ni mnyama mzuri. Ila Ukara ni meli ya Nansio saa tatu na ushei, halafu gari mpaka Bugolora, halafu kivuko. Kitabu cha watoto kutoka huko sijakitia machoni.

Sehemu ya kosa ni yetu walimu. Tulilelewa kwamba kumuuliza mtu kabila lake ni utovu wa adabu, na mimi mwenyewe nimegonga rula mezani mara nyingi mwanafunzi alipotaja neno hilo. Kulitoa kabila katika ofisi na katika kura kulikuwa jambo la maana, na leo ningelipigania tena. Lakini tulipolitoa ofisini tukalifagia na kwenye hadithi. Nimefundisha miaka yote hiyo kwa vitabu vya Juma na Asha wasio na bibi, wanaoishi katika kijiji kisicho na ziwa wala mlima, na ambao kila jioni wanakula "chakula bora". Chakula gani? Hakitajwi, asije mtu akajua wanatoka wapi.

Mwalimu mwenzangu mmoja ananiambia, "Dada, unafufua ukabila." Namjibu kwamba huwezi kumfufua asiyekufa, aje akae nami barazani asubuhi moja tu. Ninapokubaliana naye ni hapa: kuna vile vijitabu vya kabila fulani, mavazi yao, vyakula vyao, ngoma zao. Hivyo hata bure sivichukui. Ukivisoma humkuti mtu ndani. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada yule, wakapita mbele ya ngoma za watemi wakipiga miayo. Kisha mzee mmoja akaketi, akaanza kuwasimulia jinsi zimwi Shing'weng'we lilivyomeza watu wote na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mjamzito, na jinsi mwanawe, Masala Kulangwa, alivyokua akauliza baba yuko wapi. Miayo ikakoma. Aliyenyoosha mkono wa kwanza alikuwa mtoto wa Kihaya: "Kule tumboni walikuwa wanakula nini?" Njia nzima ya kurudi Kisesa walibishana juu ya hilo.

Aliyelielewa jambo hili kuliko sote ni mwandishi Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa 1896. Alitaka vijana wajue walivyoishi wakubwa wao. Angeweza kuorodhesha. Badala yake alianza na mume na mke wasiojaliwa mtoto, na ndugu wa mume wanaomsimanga mke mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua. Ukimfuata mume huyo, Myombekere, anavyohangaika na ndizi na wasaidizi ili apate pombe ya kupeleka ukweni, amrudishe Bugonoka wake, unashtukia umeshaingia Ukerewe na hukumbuki ulivuka saa ngapi. Aliumaliza mswada kwa Kikerewe mwaka 1945, akautia mwenyewe katika Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakautoa kuwa kitabu 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Leo Mjerumani anacho kwa Kijerumani, Mfaransa kwa Kifaransa, na tangu 2002 kipo kwa Kiingereza kwa mkono wa Gabriel Ruhumbika, naye ni mwana wa Ukerewe. Mtoto wa Kirumba hana kurasa zake 30 zenye picha. (Najua, mzazi mmoja atalalamika kuhusu pombe. Aje tuongee.)

Si kwamba hatuna watu. Mradi wa Vitabu vya Watoto upo tangu 1991, wachapishaji wa Dar es Salaam wanajitahidi, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, inazipokea hadithi za watoto. Ombi langu kwa waamuzi ni moja. Mswada ukifika mezani waulize: huyu mtoto wa hadithi, bibi yake anakaa wapi, na asubuhi anaamka anafanya nini?

Mimi sikusubiri. Nilikwenda kwa bibi wa yule mtoto wa Ukara, anauza mihogo ya kukaanga njia ya sokoni, nikamwomba anisimulie utoto wake. Nikaandika kurasa kumi na mbili za karatasi za kaunta buku, mjukuu akachora, tukashona kwa uzi wa gunia. Ni habari za msichana na ng'ombe anayelala ndani ya nyumba, sakafu ya zizi imechimbwa chini, na kila siku lazima akatiwe majani aletewe, kwa sababu kisiwa kimejaa watu na malisho hakuna. Samadi inajaa, inazolewa, inabebwa kichwani kwenda shambani. Mabwana shamba wawili wa kikoloni, Thornton na Rounce, waliandika makala kuhusu kilimo hicho mwaka 1936, wakakistaajabia. Kumbe wataalamu walishasomeshwa zamani.

Jumamosi iliyofuata nikakisoma. Yule muulizaji, ambaye babu yake ana mifugo kwetu Magu, hakungoja nimalize.

"Sasa ng'ombe hatembei?"

"Majani yanamfuata," akajibu wa Ukara. Wakacheka, naye akacheka. Kisha akauliza yeye: "Wa babu yako, samadi mnaipeleka wapi?"

"Inabaki hukohuko porini."

"Yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa polepole, kama bibi yake akipewa noti iliyochanika. "Mnapoteza," akasema.