Gari Lako Linapovuka Horohoro



Msimu wa harusi unapofika, jamaa wengi wa hapa Ilala huelekea Mombasa kwa magari yao wenyewe. Kuunga udugu ni jambo jema, na watoto huwaona binamu ambao wamezoea kuwasikia kwenye simu tu. Hata hivyo, msafara wa mwisho uliotoka msikitini kwetu ulitufundisha mambo ambayo tungependa wengine wayapate bila kuyalipia kama tulivyoyalipia sisi.

Tuliondoka Kariakoo baada ya swala ya Alfajiri kwa magari matatu. Tulipita Chalinze, Segera, Muheza na Tanga, kisha takriban kilomita 65 za lami mpaka Horohoro. Hapo gari la tatu likakwama. Lilikuwa la kuazima; kadi ilikuwa na jina la shemeji wa dereva, na dereva hakubeba barua ya mwenye gari. Maofisa hawakuwa na kosa, kwani watajuaje kwamba gari halikuibwa? Tuliwagawa abiria katika magari mawili, lakini nafasi haikutosha. Shangazi aliyemlea bwana harusi tangu utotoni alikataa kuwaacha wajukuu zake, akabaki nao mpaka barua ilipoletwa na basi kesho yake. Alifika Mombasa nikaha imekwisha kufungwa.

Lawama hiyo ni yetu. Sisi ndio tulioandaa orodha ya safari, tukaandika nani atabeba birika la chai na nani mikeka, wala hatukuandika kadi ya gari.

Basi dereva awe na leseni iliyo hai, kadi halisi ya gari, na barua ya idhini ikiwa gari si lake. Kila abiria, hata mtoto mchanga, awe na hati yake ya kusafiria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe karibu. Forodha watakupa kibali cha muda cha gari chenye tarehe. Usiipitishe tarehe hiyo kwa sababu shughuli imenoga. Pembetatu za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto viwemo garini. Na mifuko ya plastiki iacheni nyumbani: Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, kabla yetu sisi tuliofanya hivyo mwaka 2019.

Jambo zito zaidi ni bima. Wengi wetu hukata bima ndogo, tukadhani inatufuata popote. Hiyo huishia mpakani. Ng'ambo unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Iulizie kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka.

Ndugu mmoja wa jamaa zetu alivuka bila kadi hiyo. Karibu na Ukunda akamgonga kijana wa bodaboda, mguu ukavunjika. Kijana yule ana mke na watoto, na chakula chao kinatoka kwenye pikipiki hiyo. Ndugu yetu si mtu mbaya, lakini mfukoni hakuwa na kitu. Tulichangisha Ijumaa mbili mfululizo ndipo gharama za hospitali zikalipwa, na pikipiki bado tunadaiwa. Kumwomba msamaha majeruhi ni wajibu, ila msamaha haumlishi mwanawe. Haki ya mja iko palepale, na bei ya kadi ile haikaribii hata robo ya tulichotoa.

Kenya na Uganda huendesha kushoto kama sisi. Shida ni kwa wanaovuka Rusumo kuingia Rwanda, au Kabanga kuingia Burundi, ambako magari hupita kulia. Vivyo hivyo wanaokodi gari Muscat wanapowatembelea ndugu zao Oman. Sisi tumeuita mzunguko wa barabara "kipilefti", na jina lenyewe linaweza kukuponza huko: unaingia kwa kulia. Kosa halitokei saa ya kwanza, ukiwa na hofu. Hutokea asubuhi ya pili, unapotoka kwenye kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu na mkono ukajiendea kushoto wenyewe. Ukiwa na gari letu lenye usukani wa kulia, huoni mbele ya lori unalotaka kulipita. Mwache aliyekaa kushoto akutazamie, na akisema subiri, subiri, hata kama ni mkeo na mlikuwa mmenuniana. Watoto nao wafundishwe kutazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka.

Mwisho, dereva asikimbize gari ili awahi swala mjini. Safari hii inazidi kilomita 400 kabla ya mpaka. Sharia imemruhusu msafiri kukusanya Adhuhuri na Alasiri na kupunguza rakaa. Simameni Segera, mswali, na dereva alale nusu saa.

Orodha yetu mpya tumeibandika kwenye mlango wa ofisi ya msikiti, na anayesafiri aje aichukue nakala. Birika la chai bado limo, ila limeshuka hadi nafasi ya tisa.