Umekirusha, Kishushe Mwenyewe

Wasee, leo nitaudhi wale wa "anga za juu ni maendeleo". Sawa tu.

Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni kipande cha roketi, na kwamba vitu kama hivyo hutengenezwa viungue vikirudi hewani ama viangukie mahali hakuna watu. Lakini Mukuku kuna watu! Ni bahati tu hakukuwa na matanga.

Sasa hizo kilo 500 ziangushe Huruma. Ploti imebanana na ploti, nguo zimeanikwa juu, watoto wanacheza kwa ngazi. Aprili 2016 tulizika watu hapa, jengo bovu lilipoporomoka usiku wa mvua. Mzigo mwingine kutoka juu hatutaki.

Na msidanganywe eti hakuna njia. Satelaiti kubwa ya chini inabakishiwa mafuta, inaongozwa mpaka ianguke Pasifiki Kusini, mbali na kila mtu. Ndogo inawekwa chini vya kutosha, hewa hafifu iivute na iungue baada ya miaka michache. Zile za televisheni, karibu kilomita 36,000 huko, zinasukumwa kama kilomita 300 juu zaidi, kwa makaburi yao.

Shida si akili, ni pesa. Mafuta ya kuiondoa ni mafuta ambayo yangeiweka kazini miezi kadhaa zaidi. Kwa hivyo mtu anakamua mpaka tone la mwisho, halafu anaiacha. Hiyo tabia tunaijua: ni jirani wa juu anayetupa karatasi ya taka kwa dirisha usiku, asubuhi kila mtu "si mimi".

Sheria iko. Mkataba wa 1972 unasema nchi iliyorusha inalipa hasara ya ardhini, hata kama haikuzembea. Satelaiti ya Wasovieti, Kosmos 954, ilimwaga vipande vya nyuklia Kanada mwaka 1978. Kanada ikadai dola zao milioni 6, ikapewa 3. Na mwaka 2023 Marekani ilipiga kampuni ya Dish faini ya dola 150,000 kwa kutoipeleka satelaiti yake makaburini vizuri. Kwa kampuni kama hiyo, hiyo ni pesa ya chai.

Kuna mtu atasema, "Na Taifa-1 yetu ya 2023 je?" Hata hiyo! Sheria isibague.

Huruma huingii keja bila dipoziti. Ukiharibu, landilodi anakata. Basi anayerusha chuma aweke dipoziti kabla ya kurusha, aandike namba yake kwa kila kipande kikubwa, na arudishiwe akishakishusha salama. Kenya iko karibu na ikweta na ina kituo cha anga Malindi. Wakija kutaka kutumia pwani yetu, tuanzie hapo.

Hakuna dipoziti, hakuna kurusha. Bishaneni.