Herufi Moja, Haki Nzima

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa kupambanua maneno ya Kiingereza yanayokaribiana ni kazi ya walimu wa madarasani, isiyomhusu mvuvi wa Nungwi wala mkulima wa mpunga wa Pemba. Sisi tunasema dhana hiyo ni potofu, na kwa watu wa visiwani ni ya hatari.

Jumamosi ya tarehe 12 Desemba 2015, wajumbe wa mataifa walikutana Paris kupitisha mkataba wa tabianchi. Katika rasimu waliyogawiwa siku ile, wajibu wa nchi zilizoendelea kuongoza katika kupunguza hewa chafu uliandikwa kwa neno “shall”. Marekani ikakataa, ikataka liandikwe “should”. Hatimaye badiliko hilo likasomwa pamoja na masahihisho madogo madogo, kana kwamba ni kosa la mpiga chapa, na mkataba ukapitishwa jioni ile ile.

Aliyepitia chuoni ataifahamu upesi tofauti hiyo. “Shall” ni mfano wa faradhi: asiyeitimiza huulizwa. “Should” ni mfano wa sunna: mwenye kuitenda husifiwa, na mwenye kuiacha hana dhambi. Kwa neno moja, faradhi ya matajiri iligeuzwa sunna.

Mwaka 2021 mambo yakajirudia Glasgow. Rasimu ilitaka matumizi ya makaa ya mawe yafanyiwe “phase out”, yaani yakomeshwe hatua kwa hatua. Dakika za mwisho India, ikiungwa mkono na China, ikataka iwe “phase down”, yaani yapunguzwe tu. Mwenye kupunguza sigara bado anavuta. Wajumbe wa Fiji na wa Visiwa vya Marshall walisikitika hadharani, na mwenyekiti wa mkutano, Alok Sharma, akaomba radhi huku machozi yakimlenga. Lakini maandishi yakapita hivyo hivyo.

Tena kuna jambo jingine lililo dogo zaidi kwa umbo. Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Paris kinataja “loss and damage”. “Damage” ni uharibifu. Iongezewe herufi moja ya mwisho iwe “damages”, nayo mbele ya mahakama huwa ni fidia. Herufi hiyo haimo. Na uamuzi ulioambatana na mkataba, katika aya ya 51, unasema wazi kuwa kifungu hicho si msingi wa kudai dhima wala fidia. Basi wakulima wa Kisiwa Panza, ambao maji ya chumvi yameingia mashambani mwao, wanatambuliwa kuwa wameharibikiwa. Kulipwa ni shauri jingine.

Wala hili si jipya kwetu. Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Neno la Kiingereza “protection” maana yake ni kulinda. “Protectorate”, lililozaliwa humo humo, maana yake katika vitendo ilikuwa ni kutawaliwa, na hali hiyo ikadumu hadi Desemba 1963. Atakayetumwa leo kutusemea asisahau somo hilo.

Hatusemi watu wakichukie Kiingereza. La hasha! Twasema kijulikane hasa, kwani kukijua nusu nusu ni kubaya kuliko kutokukijua: asiyekijua huuliza, na mwenye kukijua nusu hutia saini.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wetu mambo matatu. Kwanza, kila ujumbe unaokwenda kujadili mikataba uwe na mwanasheria aliyebobea katika lugha ya mikataba, naye akae mezani hadi dakika ya mwisho, maana ndiyo dakika maneno yanapobadilishwa. Pili, wataalamu wa Kiswahili, BAKIZA wakiwamo, washirikishwe kupanga istilahi, ili “lazima” na “yafaa” yasichanganywe katika tafsiri. Tatu, mikataba inayogusa bahari na ardhi yetu ifafanuliwe kwa Kiswahili katika shehia kabla ya kuridhiwa, si baada yake.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kuwa hata yenye daftari hupotea, ikiwa mwenyewe hakuelewa kilichoandikwa humo. Bahari inapanda, wala haitungoji tumalize kutafuta maana ya neno.