Visa vya Anga na Vibao vya Rapa Nui: Kuwapinga Wafumbuzi wa Haraka

Pana mtindo wa uhakiki ambao umezagaa mno hata wengi wetu hatuuoni tena kuwa ni kosa. Mhakiki hukutana na alama asiyoielewa, hukumbuka kisa kinachofanana nayo, kisha hukitangaza kisa hicho kuwa ndiyo maana ya alama. Maandishi ya rongorongo ya kisiwa cha Rapa Nui, katika bahari ya Pasifiki, yameteswa sana na mtindo huu.

Maandishi hayo yamesalia katika vifaa vya mbao vipatavyo dazeni mbili. Msomaji huanzia chini kushoto, na kila amalizapo mstari hulazimika kukigeuza kibao juu chini ili aendelee na mstari unaofuata. Ishara zake ni za ndege, samaki, binadamu, hilali na maumbo mengine. Hadi leo hakuna usomaji wake uliothibitishwa.

Hoja ya wafumbuzi wa nyota ni hii: Wapolinesia walikuwa mabaharia walioongozwa na nyota, Kilimia, ambacho kwao huitwa Matariki, kiliwahesabia majira, basi ishara iliyofanana na kundi fulani la nyota ni kundi hilo, na kibao chenye ishara hiyo ni kalenda. Dai la kwanza na la pili ni kweli tupu. La tatu halitokani nayo hata kidogo.

Sisi tunaosema Kiswahili tungepaswa kuwa wa mwisho kudanganyika. Jina lenyewe la Kilimia linatokana na kulima, na watu wengi duniani wamelitazama kundi hilo ili kujua majira. Kwa kuwa elimu hiyo imeenea mno, haiwezi kuwa ushahidi wa maana ya mchoro wowote mmoja. Isitoshe, hata miongoni mwa Wapolinesia wenyewe haikuwa moja. Wamaori wa New Zealand huuanza mwaka Matariki inapochomoza alfajiri, katikati ya mwaka wetu. Wahawaii waliutazama uchomozi wa kundi lilo hilo baada ya jua kuchwa, karibu na Novemba. Ikiwa ndugu wa ukoo mmoja wa lugha walitofautiana kiasi hicho, kisa kilichookotwa Hawaii kitatufunulia nini kuhusu mkono uliochonga kibao cha Rapa Nui?

Nitajibiwa kwamba kalenda imekwisha kupatikana katika rongorongo. Naam, imepatikana, na hapo ndipo hoja yao inapovunjikia. Mnamo 1958 Thomas Barthel alionyesha kwamba sehemu ya kibao kiitwacho Mamari inahusu siku za mwezi. Je, alitosheka na kuona hilali zikifanana na mwezi? La. Hilali hizo zimepangwa mfululizo, zimekatizwa na fungu la ishara linalojirudia, na idadi yake inaelekeana na usiku wa mwezi mmoja. Tena palikuwapo kipimo cha nje: majina ya usiku wa mwezi ambayo William Thomson aliyakusanya kisiwani mwaka 1886, pamoja na orodha zilizokusanywa baadaye. Mwaka 1990 Jacques Guy aliirudia kazi hiyo, akapendekeza ni wapi usiku wa ziada huongezwa. Huo ndio ushahidi: mpangilio, marudio, hesabu, na orodha ambayo ingeweza kumkanusha mfumbuzi. Na baada ya jasho lote hilo, tumejua sehemu hiyo inahusu nini tu. Hatuwezi kuisoma sentensi moja.

Linganisha na yaliyotokea Tahiti katika miaka ya 1870, Askofu Jaussen alipomketisha Metoro, mtu wa Rapa Nui, amsomee vibao. Metoro aliimba na Askofu akaandika. Yaliyoandikwa yanaelekea kuwa maelezo ya picha moja baada ya nyingine: huyu ni ndege, huyu ni mtu. Simlaumu Metoro, aliyekuwa ugenini mbele ya mkubwa aliyetaka jibu. Wafumbuzi wetu hawana udhuru huo.

Wengine sasa wanashika vipimo vya kaboni vilivyochapishwa mwaka 2024, vilivyoonyesha kwamba mti wa kibao kimoja kati ya vinne vilivyopimwa ni wa karne ya 15. Kipimo hicho kinatuambia mti ulikatwa lini. Hakituambii ulichongwa lini, sembuse kilichochongwa.

Kuna mwenzetu atakayesema kwamba matini ni bahari na kila msomaji ana haki ya kuvua atakacho. Nadharia hiyo humhusu msomaji aliyekwisha kusoma. Hapa hakuna aliyesoma. Na sababu ya kutokuwapo msomaji inajulikana: mnamo 1862 na 1863 wavamizi kutoka Peru waliwachukua watu wa kisiwa utumwani, wachache waliorudishwa wakarudi na ndui, na kufikia 1877 walikuwa wamesalia watu 111. Waliojua kusoma walikuwa miongoni mwa waliopotea. Kuwasemea marehemu hao kwa visa tulivyovitunga mezani ni dharau, hata tukiivika joho la heshima kwa hekima ya wenyeji.

Kwa hiyo mwanafunzi wa uzamili anayekusudia kuniletea tasnifu ya nyota na rongorongo aje na mstari wa kibao, si ishara moja iliyong'olewa mahali pake. Aje na hesabu yake. Kisha aniambie ni jambo gani, likionekana, litamfanya akiri kuwa amekosea.