Sketi Iliyopunguzwa Mara Mbili



Sisi wa cherehani huyajua mambo kwa futi. Tulipowafuata waume huku Sumbawanga, mbali na bahari yetu, tuliziacha kidogo nguo za maharusi tukashika sare za sekondari. Ndizo zinazolipa Januari.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu alikuja kupunguziwa sketi. Miezi miwili baadaye karudi na sketi ile ile, inamvuka. Kwao ni bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Hapa mjini kapanga chumba na mwenzake. Hali, halali, na darasani anaitwa mvivu.

Tukamtafuta mwalimu wa malezi na unasihi. Mwanamke mpole, wallahi. Akatwambia kazi ile alipewa kikaoni tu, juu ya vipindi vyake vyote, na wala hana chumba cha kukaa na mtoto faragha. Mtoto akilia, anamwambia amuombe Mungu na asome kwa bidii. Zaidi ya hapo hakufunzwa.

Dua hatuikatai. Lakini Mtume wetu katuhimiza pia kutafuta dawa, na mwalimu asiyejua dalili atampelekaje mtoto kwa daktari? Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya maradhi ya akili huanza kabla ya mtu kufika miaka 18. Yaani mtoto akiwa bado amevaa sare! Na linalowezekana tumeshaliona: Arusha walimu wa sekondari walifunzwa kwa siku 3 tu, na walipopimwa, uelewa wao ulikuwa umepanda na kuwanyanyapaa wagonjwa kumepungua. Siku 3 ni chache kuliko tunazomaliza kutarizi shela moja.

Wapo waliosema yule binti aozwe, atatulia. Nyie mnaojiandaa na harusi mnajua ndoa inavyotaka moyo mzima, tusiifanye hospitali. Mama yake alipanda kutoka bondeni, tukaenda naye hospitali ya mkoa, na mwalimu yule yule akafuatana nasi. Njiani aliuliza maswali mengi kuliko mama.

Kikao cha wazazi kijacho, kabla ya habari ya michango, tuulize: mwalimu wa malezi ni nani, kafunzwa wapi, na kapunguziwa vipindi vingapi? Na namba 116 ya kusaidia watoto ibandikwe ukutani, ni bure kupiga.