Kiboko Kilishindwa Kabla ya Kupigwa Marufuku

Kila muhula wa pili mabweni yanapoanza kuwaka, wito ni uleule: rudisheni kiboko. Januari 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Kenya, marehemu Profesa George Magoha, aliutoa hadharani baada ya fujo kuenea shuleni, na hadi leo wapo wazazi, wanasiasa na walimu wanaouitikia. Ni wito wa uvivu. Mtoto anayefikia kuchoma bweni analolala ana jambo linalomsumbua, na kulichimbua kunahitaji mtu aliyelisomea. Shule zetu nyingi hazina mtu huyo, na kelele za kiboko zinatusaidia kulisahau pengo hilo.

Wanaodai kwamba nidhamu ilikufa fimbo ilipoondolewa waisome kalenda. Marufuku ilitangazwa 2001. Wasichana 19 wa St Kizito, Meru, walifariki 1991 wavulana wa shule yao walipovamia bweni lao. Viranja wanne wa Nyeri High walichomwa chumbani mwao 1999. Moto uliowaua wanafunzi 67 wa Kyanguli, Machakos, uliwashwa Machi 2001, kabla marufuku hiyo haijaanza kuuma. Miaka hiyo yote kiboko kilitumika bila haya, na hakikuzuia lolote kati ya maafa hayo.

Ni kweli walimu wamelemewa na madarasa yamefurika. Ni kweli pia kwamba wapo watu wazima waliochapwa wakafanikiwa, ingawa hatuwasikii waliochapwa wakaacha shule. Jibu la maofisa wa elimu kuhusu pengo hilo la wataalamu ndilo linalostahili kupimwa zaidi: kwamba hatuhitaji wataalamu wapya, kwani shule tayari zina idara za ushauri nasaha.

Tuitazame basi idara hiyo. Mara nyingi ni mwalimu wa Hisabati au wa Dini aliyeongezewa cheo bila kupunguziwa vipindi. Anafundisha, anasahihisha, anashika zamu, na muda ukibaki ndipo anashauri. Hata huo si ubaya mkubwa kuliko yote. Ubaya mkubwa ni kwamba mwalimu huyohuyo hukaa kwenye kamati ya nidhamu, au huripoti kwa mkuu wa shule anayeiongoza. Msichana anayenajisiwa na jamaa yake, mvulana aliyezama kwenye bangi, mtoto anayewaza kujiua, wote wanajua kwamba anayesikiliza siri yao Jumatatu anaweza kuombwa kura Ijumaa, wafukuzwe au wasamehewe. Kwa hiyo wananyamaza. Kazi ya mshauri imejengwa juu ya siri: mtoto aelezwe mapema nini kitabaki kati yao, na nini lazima kifikishwe mbele kwa usalama wake. Anayetoa alama, adhabu na ushauri kwa pamoja hawezi kutoa ahadi hiyo, hata awe na huruma kiasi gani. Kumlaumu yeye ni kumwonea. Lawama ni ya aliyempanga hivyo.

Isitoshe, nchi ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, inayotaka anayefanya kazi hii awe na sifa na asajiliwe. Mtu mzima mwenye pesa akitafuta msaada jijini, sheria inamlinda dhidi ya mbabaishaji. Mtoto wa bweni, ambaye hakuchagua shule wala mshauri, anapewa yeyote aliyekuwa na nafasi kwenye ratiba. Kwa mantiki gani? Hatumkabidhi mwalimu wa Biolojia sindano ya kumchoma mgonjwa eti kwa kuwa anajua mifupa.

Tume ya Huduma kwa Walimu na Wizara ya Elimu ziajiri washauri waliosajiliwa, hata kama kwa kuanzia mmoja atahudumia shule kadhaa za jirani, na ziwaondoe kabisa kwenye kamati za nidhamu. Gharama ipo, lakini mabweni yaliyoungua nayo yalijengwa upya kwa pesa. Mbunge atakayesimama tena kudai kiboko aulizwe kwanza: shule za eneo lako zina washauri wangapi waliosajiliwa?