Shemeji na helikopta isiyokuja
Safu ya Bi Pilipili

Shemeji amefanya tena. Wasomaji mliokuwapo wakati wa jenereta, kaeni kitako. Mliojiunga juzi, ulizeni wenzenu.

Jumamosi alituita wote kwake Kimara, kwa simu, kwa sauti ya mtu anayeleta posa. Amepata A-Team. Ile ya utotoni, yenyewe, amewekewa kwenye flashi na kijana wa kibanda cha muvi pale stendi. Pilau lipo, soda zipo, njoo na watoto, shem, wajue sisi tulikuwa tunaangalia vitu gani. Hapo kwenye "wajue" ndipo palipokuwa pa kukata simu. Mwenye kitu kizuri hukuonyesha tu. Anayetaka ujue amekuandalia hotuba.

Na niseme mapema ili wenye kununa wanune: watu wa rika langu hawaipendi A-Team. Hawaikumbuki hata. Wanachopenda ni kuwa na kitu ambacho watoto wao hawakukiona, ili wapate cha kuwasimangia.

Tukaketi. Kazi ya kwanza ya mwenye nyumba ilikuwa kuzima tamthilia ya Kituruki waliyokuwa wakiitazama watoto, tena pale mama mkwe anapokaribia kugundua. Ya pili, simu zote zikakusanywa kwenye ungo. Yake ikabaki mfukoni, na katikati ya shughuli alipokea mbili.

Muziki wa mwanzo ukapiga, na ule muziki, jamani, bado unasimamisha nywele. Makomandoo wa Vita vya Vietnam wamefungwa kwa kosa wasilolitenda, wametoroka jela ya kijeshi, wamejichimbia Los Angeles, na mwenye shida akiwapata anawakodi. Kanali Hannibal Smith, yaani George Peppard, na sigara yake nene. Face, mwenye tabasamu la kukopea. Murdock, rubani ambaye kila wakimhitaji lazima wakamtoroshe hospitali ya vichaa. Na B.A. Baracus, Mr. T mwenyewe, shingoni ana dhahabu ya kufungulia duka. Shemeji akasimamisha picha. Akatueleza Mr. T ni nani. Akaachia dakika mbili, akasimamisha tena, akatueleza gari.

Ndipo binti yake wa miaka kumi na mitatu akauliza, "Baba, mbona risasi zote hizi hafi mtu?"

Swali halali kabisa. A-Team ilianza kwenye NBC Januari 1983 ikaenda hadi 1987, vipindi karibu mia, na katika vipindi hivyo risasi zilinyesha na watu wakabaki wazima, ukiacha mmoja mmoja. Gari linaruka, linajigeuza hewani, linatua kwa paa, halafu kamera inasubiri kwa adabu mpaka waliomo watoke wakijipangusa vumbi. Ilikuwa ikirushwa saa mbili usiku, watoto wakiwa macho, kwa hiyo fujo zilitakiwa na maiti hazikutakiwa. Na bado kulikuwa na Wamarekani waliolalamika kwamba ina vurugu mno. Mtoto angeelezwa hivyo angeelewa. Shemeji alimjibu, "Nyamaza utazame. Zamani hata majambazi walikuwa na utu."

Sasa niwaambie utu huo ulitoka wapi. Huku Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Wazanzibari walikuwa nacho tangu miaka ya sabini na hawakuacha kutukumbusha. Mtaani kwetu kulikuwa na nyumba moja yenye luninga na deki, na mkanda mmoja wa A-Team ulioletwa na baharia. Tulinawa miguu bombani, tukakaa sakafuni, waliochelewa wakabanana dirishani. Stelingi akipigwa tunapiga kelele, mama mwenye nyumba anatishia kuzima. Halafu, pambano la mwisho linapokolea, picha inaanza kuchezacheza, mistari inapita, na ghafla anatokea bibi harusi ameinamisha kichwa, tarumbeta zinalia. Mtu alikuwa amerekodi harusi juu yake. Utoto wangu wote A-Team iliishia kwenye kukata keki.

Aliyekuwa na mwisho kamili ni Shemeji, enzi hizo kijana tu wa nyumba ya tatu, kabla hajamwona dada yangu. Alidai ameuona mkanda mzima kwa mjomba wake Magomeni. Helikopta nyeusi inachomoza nyuma ya mlima, inamaliza maadui wote, na anayeirusha ni Mr. T. Nani angembishia? Tukaigiza hivyohivyo uwanjani. Yeye Mr. T, mimi mateka. Kila siku mateka, nimefungwa kwenye mwembe kwa kamba ya katani mpaka adhana ya magharibi. Niliomba walau siku moja niwe Amy Allen, mwandishi wa habari aliyekuwa kwenye kikosi. Akasema Amy hana bunduki. Siku hizi najua hata wenye tamthilia yao walikuwa na akili hizohizo: Melinda Culea aliyeigiza Amy aliondolewa katikati ya msimu wa pili, ikasemwa amekwenda kikazi ng'ambo, gari likaondoka bila yeye. Mimi ni mwandishi na bunduki sina mpaka leo, Shemeji, na unaona mwenyewe nani anaandikwa.

Ila mtu yeyote aliyewahi kutazama vipindi viwili vya A-Team anajua kwamba B.A. Baracus anaogopa kupanda ndege kuliko kufa. Ndiyo utani mkubwa wa tamthilia nzima. Wakitaka kusafiri, wenzake wanamtilia dawa kwenye maziwa au wanamchoma sindano, anaamkia nchi nyingine akitafuta wa kumnyonga. Jumamosi akapewa maziwa, akanywa, akadondoka, na yule binti akacheka kwa mara ya kwanza. Baba yake hakucheka. Alikuwa anasubiri helikopta.

Helikopta nyeusi ni Airwolf, ya 1984, ya Jan-Michael Vincent na mzee Ernest Borgnine. Tamthilia nyingine, kituo kingine. Nilinyamaza. Pilau lilikuwa halijapakuliwa.

Kisha ikafika sehemu ambayo haijachuja. Maadui wanawafungia kwenye ghala, na ndani ya ghala, kwa wema wao, wameacha mashine ya kuchomelea, mitungi ya gesi, mabati na lori bovu. Muziki unapiga, cheche zinaruka, lori linatoka limekuwa kifaru. Fundi wa Gerezani angetaka wiki mbili, advansi, na siku ya kuchukua angezima simu. Watoto wote wakasogea mbele bila kuambiwa, na mdogo kabisa akaacha soda yake ichemke kwenye jua la dirishani. Shemeji akasimamisha picha, akaeleza kuchomelea ni nini.

Hapo ndipo nilipochoka naye rasmi. Tuliiona A-Team kubwa kwa sababu mkanda ulikuwa mmoja. Baharia angeleta mkanda wa ufugaji wa kuku, leo tungekuwa tumewaweka watoto sebuleni tukiwaambia zamani kuku walikuwa kuku.

Mwisho ukafika. Maadui wakakamatwa, Hannibal akawasha sigara yake, majina yakaanza kupanda. Shemeji akarudisha nyuma. Akarudisha tena. Akasema, "Wamekata. Hii siyo yenyewe." Dada yangu akamwambia labda helikopta ilikwenda harusini.

Jumatatu alikwenda stendi kudai pesa yake. Kijana wa muvi, ambaye deki hata hajawahi kuiona, alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mzee, hiyo unayoitaka ni Airwolf." Shemeji amerudi na msimamo mpya: Airwolf waliiba kwa A-Team.

Jumamosi hii ametangaza Knight Rider, na kwa kumbukumbu zake lile gari linaloongea lilikuwa la Mr. T. Mimi sitakuwapo. Nina msiba. Wa nani, nitawajulisha nikishaupata.